Kuchagua Kalenda ya Miadi ya Chanzo Huria kwa Biashara Yako

Biashara nyingi za Kisumu na Nakuru, kuanzia kliniki za meno hadi karakana za magari, bado huandika miadi ya wateja katika daftari la mapokezi au katika simu ya mfanyakazi mmoja, ambaye akiacha kazi huondoka nayo. Programu za chanzo huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, zinaweza kuliondoa tatizo hilo bila ada ya leseni, ila kabla ya kutazama uzuri wa programu, mwenye biashara aulize kwanza kama inafuata viwango vya wazi.

Viwango vyenyewe ni viwili. iCalendar, kilichochapishwa mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009, hueleza namna miadi inavyoandikwa katika faili. CalDAV, cha mwaka 2007, hueleza namna simu na kompyuta zinavyosoma na kubadilisha miadi iliyohifadhiwa kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia vifaa vingine kupitia mtandao. Programu isiyovizingatia, hata ikiwa huria, itakusumbua siku utakapotaka kuhamia nyingine.

Ofisi ndogo ambayo wafanyakazi wake wanahitaji tu kuona ratiba za wenzao itatoshelezwa na Radicale, programu ya seva ya kalenda iliyo nyepesi sana. Nextcloud hubeba mengi zaidi, yakiwemo mafaili na kalenda za pamoja. Easy!Appointments imeundwa mahususi ili mteja achague mwenyewe huduma, mhudumu na saa. Kwa maoni yangu, kliniki au saluni ianzie hapo. Kwenye kompyuta, Thunderbird, programu ya barua pepe na kalenda, inafaa kwa kusomea ratiba hiyo. Wenye simu za Android watahitaji DAVx5, inayounganisha kalenda ya simu na seva, nayo inapatikana bila malipo kwenye F-Droid (duka la programu huria) na kwa malipo kwenye Google Play; kwa kuwa ratiba hubaki pia ndani ya simu, umeme au intaneti ikipotea mhudumu wa mapokezi bado ataisoma.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni majira, yaani saa za eneo. Seva nyingi za kukodi huja zikiwa katika majira ya UTC (saa ya marejeo ya dunia nzima), yaliyo nyuma ya yetu kwa saa 3, hivyo miadi ya saa nne asubuhi inaweza kuonekana kama ya saa moja. Chagua Africa/Nairobi kwenye seva na katika akaunti ya kila mtumiaji, kisha ujaribu kwa miadi moja kabla ya kuwafungulia wateja.

Kukosekana kwa ada ya leseni hakuondoi gharama ya seva, wala ya fundi wa kuweka masasisho na nakala rudufu. Asiye na fundi ni heri akodi Nextcloud kwa kampuni inayoiendesha kuliko kuiacha seva yake bila ulinzi, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka kila anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Sheria hiyo huzihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Kwa hiyo kliniki iandike "miadi" na jina la mgonjwa tu, na maelezo ya jino linalong'olewa yabaki katika faili la matibabu.