Mtoto wa jicho hangojwi akomae

"Bado mchanga, tungoje akomae ndipo akatolewe." Kauli hii kuhusu mtoto wa jicho, yaani ukungu katika lenzi iliyo ndani ya jicho, imewaweka wazee wengi gizani miaka mingi bila sababu. Wanaoisema hawajaizua, kwani zamani hata madaktari walishauri hivyo. Lenzi ya jicho ilitolewa bila kuwekwa nyingine, mgonjwa akabaki akitegemea miwani mizito, kwa hiyo ilifaa kusubiri mpaka jicho liwe karibu halioni kabisa.

Hali hiyo imepitwa na wakati. Novemba 1949, daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi ya bandia kwa mara ya kwanza katika hospitali ya St Thomas' jijini London, na leo hiyo ndiyo tiba ya kawaida: lenzi yenye ukungu inaondolewa, ya bandia inawekwa mahali pake. Jicho linatiwa ganzi, mgonjwa mtu mzima halazimiki kulazwa usingizi, na mara nyingi kazi inakwisha ndani ya nusu saa. Wakati wa kupasuliwa ni pale ukungu unapoanza kukukwamisha kusoma, kutambua noti au kushuka ngazi. Ukizidi kungoja, lenzi inakuwa ngumu na upasuaji nao unakuwa mgumu. Wakati mwingine lenzi huvimba na kupandisha presha ndani ya jicho.

Wengine wanadhani mtoto wa jicho ni utando ulio juu ya jicho, unaoweza kuyeyushwa kwa asali au matone. Ukungu huo uko ndani, nyuma ya mboni, na hakuna tone lililothibitishwa kuuondoa. Na kama uoni umefifia tena miezi au miaka baada ya upasuaji, usiseme "amerudi". Mara nyingi ni kiwambo kinachoishikilia lenzi mpya ndicho kimepata ukungu, na hicho hutibiwa kwa leza dakika chache tu, bila kisu.

Kinachoniumiza zaidi ni yule anayengojea mtoto wa jicho asiyekuwepo. Anaona vibaya, nyumbani wanamwambia avumilie akomae, kumbe ana presha ya macho, yaani glakoma. Ugonjwa huu unaua mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Kwa kawaida hauumi, na unaanzia pembeni, hivyo mtu anaendelea kuona mbele yake vizuri huku upeo unazidi kufinywa. Aliyechelewa kutibiwa mtoto wa jicho mara nyingi bado ataona. Kilichopotea kwa glakoma hakirudi. Watu wenye asili ya Afrika huupata mapema na kwa ukali zaidi, na hatari inaongezeka kama mzazi au ndugu wa tumbo moja anao.

"Lakini presha yangu iko sawa." Hiyo ni ya damu, ile inayopimwa mkononi. Ya jicho inapimwa kwenye jicho lenyewe, na hata ikionekana ya kawaida daktari lazima auchunguze ule mshipa, kwa sababu wapo wanaoharibikiwa bila presha kupanda. Wengi pia huacha matone ya glakoma baada ya muda wakisema "hayanisaidii, sioni tofauti". Hawawezi kuiona. Matone hayarudishi uoni, yanaulinda uliobaki, na kuyaacha ni kuupoteza polepole.

Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, watu walielekezana chai ya rangi, maji ya chumvi na maziwa ya mama. Macho mekundu ya virusi kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Nawa mikono na usichangie taulo. Matone yenye steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe), kama deksamethasoni, huondoa wekundu upesi, ndiyo maana yanapendwa. Yakitumika muda mrefu bila usimamizi yanaleta glakoma na mtoto wa jicho, na jicho lenye kidonda yanaweza kuliharibu kabisa. Usiazime chupa ya jirani.

Wapo pia wanaokwepa miwani wakidhani inadhoofisha macho. Haidhoofishi, bali inamsaidia mtu kufanya kazi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa Assam, India, ambako wachuma chai wenye miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuonea karibu: uzito wa majani waliochuma kwa siku uliongezeka kuliko wa wenzao wasiopewa, kwa tofauti ya asilimia 21.7.

Kwa watoto wadogo, kungoja ndiko kubaya kuliko kote. "Akikua litakaa sawa" husemwa kuhusu makengeza na kuhusu weupe ndani ya mboni. Ubongo hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo. Jicho lililozibwa wakati huo huweza kubaki dhaifu hata baada ya kupasuliwa. Weupe huo unaweza pia kuwa saratani ya jicho, inayoua isipotibiwa na inayotibika ikiwahiwa. Ukimpiga mtoto picha kwa mwanga wa flashi na jicho moja likaonekana jeupe, mpeleke wiki hiyohiyo kwa daktari wa macho. Hospitali kama KCMC ya Moshi, CCBRT ya Dar es Salaam na Kikuyu nchini Kenya hutibu macho ya watoto, na hata mchanga wa wiki chache anapokelewa.