Sukari, Presha na Magoti: Mazoezi kwa Mwenye Maradhi Zaidi ya Moja

Wagonjwa wengi wanaofika katika chumba chetu cha tiba ya viungo hapa Mombasa huja na mfuko wa dawa. Bi mkubwa anazitoa mezani moja moja: za sukari, za presha, za moyo, na za kutuliza magoti. Kila moja ina kliniki yake na siku yake. Nikimuuliza anatembea kiasi gani, jibu nimelizoea: "Mwanangu, watoto wamen'kataza. Wanasema n'tulie nyumbani."

Watoto hao wanampenda mama yao. Lakini kutulia huko ndiko kunakomdhoofisha. Msuli usiotumika hunywea, na paja likinywea goti hukosa wa kulisaidia. Goti likizidi kuuma, mama hukaa zaidi, na kadiri anavyokaa ndivyo sukari na presha zinavyokuwa ngumu kudhibitiwa.

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hata kwa mtu ambaye insulini yake imepungua nguvu, na nafuu hiyo inaweza kuendelea mpaka kesho yake. Presha nayo hushuka kwa saa kadhaa baada ya kutembea. Sijui kidonge kimoja kinachofanya yote hayo na kuimarisha goti pia. Ila mazoezi haya lazima yapimwe kama dawa, kwa kutazama mwili mzima, si ugonjwa mmoja mmoja.

Sisi huanza na kiti. Kiwe imara, kisicho na magurudumu, kimeegemea ukuta. Mgonjwa anakunja mikono kifuani, anasimama na kukaa, nami nahesabu kwa sekunde 30. Wengi siku ya kwanza hawainuki bila kusukuma mapaja kwa viganja, na hilo si aibu: tunaongeza mto, kiti kinakuwa juu, anainuka. Nyumbani atafanya mara tano, apumzike, kisha tano tena, siku mbili au tatu kwa wiki. Baraza ya mlangoni, ikiwa ya kimo cha kutosha, ni kiti kizuri mno.

Kutembea kuanze na dakika tano. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki, lakini idadi hiyo isikutishe, tunaifikia polepole. Mwendo uwe wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Usitegemee kuhesabu mapigo ya moyo ikiwa unameza atenololi, dawa ya presha na moyo, au dawa za jamii yake, kwani huyazuia yasipande. Kuanzia Januari hadi Machi joto letu ni kali, na dawa za kukojoza maji huongeza kizunguzungu, kwa hiyo toka baada ya alfajiri au jua likishapoa. Kando ya bahari pale Mama Ngina kuna upepo na njia iliyonyooka, lakini kichochoro cha mtaani kwako pia kinatosha.

Anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5.6 (mmol/L), ale kitu kidogo, hata tende chache, kabla ya kuanza. Presha ikizidi 180 kwa 110 ukiwa umetulia, acha mazoezi siku hiyo umwone daktari. Kifua kikibana au pumzi ikikatika kuliko kawaida, simama na uende hospitali mara moja. Vaa viatu vya kufunika, si champali, na ukirudi kagua nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mguu wenye ganzi hukatwa na kigae usijue. Goti likiuma kidogo na kutulia kufikia kesho yake, endelea, likivimba, punguza.

Miadi ya pili huwa namwomba mama aje na mmoja wa wale watoto waliomkataza. Namweka kando ya kiti, nampa kazi ya kuhesabu.