Lipodistrofi sio kukonda

Juzi kliniki ya VVU nimeisikia tena. Bibi kaja na mjukuu wake wa miaka 15, wa kwenye benchi anamwambia "huyu amekonda bibi, mpe uji wa karanga", mwingine akadakia "au hamezi dawa huyo". Kijana kainamisha kichwa. Halafu kuna mtu akataja lipodistrofi, akasema ndo kukonda kwa kitaalamu. Hapana jamani.

Kwa kifupi, lipodistrofi ni mafuta ya mwili kukaa mkao mbaya, yanaisha usoni, mikononi, miguuni na makalioni, au yanajazana tumboni na nyuma ya shingo, au vyote kwa pamoja. Ni moja ya mabadiliko ya umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia mafuta na sukari, yanayowapata baadhi ya watoto waliomeza ARV, yaani dawa za VVU, miaka mingi.

Nadhani jina lenyewe linaponza watu. Ni Kigiriki, lipos ni mafuta, dys ni vibaya (ndo hiyohiyo ya kwenye dizentri), trophe ni lishe, na mtu akishasikia lishe akili inakimbilia kwenye sahani, anaona bibi hampi mtoto chakula. Lishe ya hapo ni ya seli ya mafuta yenyewe, jinsi inavyokua na kujitunza, wala sio ugali na maharage. Stavudini kwa mfano, ARV ya zamani, watoto wengi walianzishiwa hiyo enzi hizo, ilikuwa inaharibu mitokondria, vile vijitambo vinavyoipa seli nguvu, basi seli ya mafuta inasinyaa hata ukimlisha mtoto vipi. Ndo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi ziachane nayo taratibu.

Sasa kukonda kwa njaa, au kwa VVU vilivyochachamaa, nyama inaondoka pamoja na mafuta, kilo zinashuka, nguvu hakuna. Mwenye lipodistrofi anaweza kuwa na kilo zake zilezile, virusi viko chini kabisa, mpira anacheza, ila mashavu yameingia ndani, mishipa ya miguu imetokeza kama kamba, suruali ya shule inamvuka nyuma kwa kuwa hakuna makalio ya kuishika na huku mbele kifungo kinabana tumbo. Kumwambia hamezi dawa ni kumwonea, maana yamempata kwa sababu amezimeza, miaka na miaka.

Na mengine macho hayaoni. Lopinavir na ritonavir, nazo ni ARV, zinaweza kupandisha lehemu (kolesteroli) na triglaiseraidi, yaani mafuta ya kwenye damu, insulini inayoshusha sukari nayo ikaanza kushindwa kazi, mtoto mwembamba kumbe damu imejaa mafuta, hapo mizani haikusaidii, ni kipimo cha damu. Halafu dolutegravir, ambayo wengi wamehamishiwa siku hizi, wapo wanaoongezeka uzito, watu wanaita lipodistrofi hiyo nayo, wakati kunenepa mwili mzima ni kitu kingine.

Kwa hiyo mama, bibi, ukiona uso wa mtoto umebadilika usiende kusema "amekonda". Sema "mafuta yamepungua usoni na miguuni, tumbo limeongezeka", waonyeshe na picha yake ya mwaka jana kama unayo, uliza kama dawa inaweza kubadilishwa, na mpaka wakujibu aendelee kumeza kama kawaida.