Kabla ya Kubadilishiwa Goti, Tuambie Unavyokojoa

Mzee mmoja aliyebadilishiwa goti asubuhi alilala kitandani hadi jioni bila kulalamika. Nesi alipomuuliza kama amepata haja ndogo, akajibu, "Ndiyo mwanangu, inatoka kidogo kidogo." Na kweli shuka lilikuwa limelowa. Lakini chini ya kitovu tumbo lilikuwa limevimba na kukaza, na tulipompima kwa ultrasaundi tukakuta kibofu kina zaidi ya mililita 900. Yale matone yalikuwa ni mkojo uliofurika tu, kama pipa lililojaa linavyomwaga pembeni.

Alipokwisha kuwekewa mpira wa kutolea mkojo na kupata nafuu, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nyumbani huamka mara nne kwa usiku, na akifika chooni husimama muda mrefu kabla mkojo haujaanza kutoka. Kabla ya upasuaji tulikuwa tumemuuliza presha, sukari, hata meno. La mkojo hakulisema, nasi hatukulichimba. Kosa hilo lilikuwa letu zaidi kuliko lake.

Mkojo kuziba baada ya kubadilishiwa nyonga au goti ni jambo la kawaida, na mara nyingi dalili zake huwa zipo kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji. Kibofu cha mtu mzima hubeba takriban mililita 400 hadi 600. Sindano ya ganzi ya mgongoni hulaza miguu, lakini hulaza pia mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo, ile inayomjulisha mtu kwamba kibofu kimejaa na kukiamuru kisukume. Mgonjwa akianza kuchezesha vidole vya miguu, ndugu hufurahi kwamba ganzi imeisha, kumbe kibofu bado kimelala. Ikiwa ganzi ilichanganywa na mofini, dawa kali ya maumivu, usingizi huo unaweza kuendelea hadi kesho yake. Muda wote huo dripu inaingia na figo zinafanya kazi. Kibofu kikivutwa kupita kiasi kwa saa nyingi, misuli yake hulegea, na wapo wanaokaa siku kadhaa au hata wiki kabla hakijarudia nguvu.

Nani yumo hatarini zaidi? Wanaume wenye umri mkubwa, hasa wenye tezi dume iliyopanuka, na yeyote ambaye mkojo uliwahi kumziba huko nyuma. Kwa wanaume tunayo dodoso la maswali saba kuhusu mwezi uliopita: mkojo kukatikakatika, kujikamua, kuamka usiku na mengineyo. Kila swali lina alama 0 hadi 5, jumla 35. Kuanzia 8 dalili huhesabiwa za wastani, kuanzia 20 ni kali. Ni dakika chache tu, na ningependa lijazwe kliniki, si asubuhi ya upasuaji mgonjwa akiwa na hofu.

Wanawake nao hawajasalimika, hasa wenye kisukari cha miaka mingi kilichoharibu mishipa ya fahamu, au wenye maradhi ya uti wa mgongo. Kufunga choo pia huchangia.

Halafu kuna mfuko wa dawa. Mtu aliyeteseka na goti miaka kumi huja na dawa za kila aina, na baadhi hukizuia kibofu kutoa mkojo: amitriptilini anayopewa kwa maumivu ya mishipa, piriton ya mafua au ya kuwasha, dawa za kufungua pua. Zilete zote, hata ulizonunua duka la dawa la mtaani, tuzione.

Tukijua mapema, daktari wa usingizi anaweza kuacha mofini kwenye ganzi na kupunguza maji ya dripu. Tutakuomba ukojoe kabla tu ya kuingia chumba cha upasuaji, na baadaye tutapima kibofu kila baada ya saa chache badala ya kungoja ulalamike. Wengine huuliza kwa nini tusimwekee kila mtu mpira. Mpira ni njia ya vijidudu, hatari huongezeka kila siku unapobaki ndani, na mwenye kiungo kipya cha chuma na plastiki hatumtakii maambukizi yoyote mwilini. Inapobidi kuuweka, tunapenda kuutoa ndani ya siku moja au mbili.

Ndugu mnaouguza, wanaume wengi hawawezi kukojoa wakiwa wamelala chali huku wageni wamezunguka kitanda. Vuteni pazia, tokeni kidogo. Nesi akiruhusu, asaidiwe kukaa au kusimama.

Na akisharudi nyumbani, zikipita saa sita bila haja ndogo, au akitoa matone huku tumbo la chini limejaa na kuuma, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asingoje tarehe ya kliniki.