Kabla ya Kutuletea Namba Tasa: Onesha Ulikoishia Kugawanya

Madai ya kugundua namba tasa kubwa yameongezeka, na mengi yanakuja na namba ndefu na sentensi moja chini yake: nimejaribu, haigawanyiki. Tunathamini juhudi hizo. Hata hivyo, dai la namna hiyo hurudishwa bila kukaguliwa, na likiletwa tena huwekwa mwisho wa foleni.

Namba iandikwe yote, tarakimu zikitengwa tatu tatu kutoka kulia, na idadi ya tarakimu itajwe pembeni. Kama imetokana na kanuni, kanuni nayo iandikwe. Tarakimu moja ikidondoka wakati wa kunakili, tutakuwa tunapima namba nyingine kabisa.

Vipimo vya 2, 3 na 5 mnavijua. Kwa 7, 11 na 13 kipimo ni kimoja, kwa kuwa 7 × 11 × 13 = 1,001: chukua mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, toa na kujumlisha kwa zamu. Kwa 1,000,001 tunapata 1 − 0 + 1 = 2. Mbili haigawanyiki kwa yeyote kati ya hao watatu, kwa hiyo namba yenyewe pia haigawanyiki kwao. Endelea na namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100: hakuna inayoingia. Hapa ndipo wengi hufunga daftari na kuja kwetu. Namba tasa ya 26 ni 101, nayo inaingia mara 9,901 bila baki.

Mwisho wa kugawanya ni kipeuo cha pili cha namba, si uchovu wa mgawanyaji. Vigawo viwili vikizidi kipeuo hicho vyote, zao lao litaizidi namba yenyewe. Kwa 1,000,001 hiyo ni kazi ya namba tasa 168, na tunataka kuona zote na baki zake. Na kuishia na 1, 3, 7 au 9 si ushahidi wa chochote! 91 ni 7 × 13. Hili tumelirudia vya kutosha.

Namba ya mamia ya tarakimu haipimwi kwa kugawanya. Wengi hutumia kipimo cha Fermat, mwanahisabati Mfaransa: kwa namba witiri n, 2ⁿ⁻¹ igawanywe kwa n. Baki isipokuwa 1, n si tasa, hata kama vigawo vyake havijulikani. Baki ikiwa 1, bado haijathibitika kuwa ni tasa. Tazama 341: 2¹⁰ ni 1,024, yaani 3 × 341 na baki 1, kwa hiyo 2³⁴⁰, ambayo ni (2¹⁰)³⁴, nayo inabakiza 1. Lakini 341 ni 11 × 31. Ndiyo maana kwenye jalada tunaandika "huenda ni tasa". Hata 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, ilidokezwa kwanza na kipimo cha aina hiyo, kisha ikathibitishwa kwa kipimo cha Lucas–Lehmer, ambacho hutoa jibu la uhakika kwa namba za umbo hilo, kwenye mashine na programu tofauti kabla ya kutangazwa Oktoba 2024.

Anayedai kwamba namba si tasa hana haja ya makaratasi mengi. Fermat mwenyewe aliamini 4,294,967,297 ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonesha kwamba ni 641 × 6,700,417. Kigawo kimoja kinatosha, na madai ya aina hiyo hayapangi foleni.