Ukimpa mtu prokurasio akupigie kura, kura bado ni yako?

Mwanahisa wa Bukavu anaitwa Kinshasa wiki ileile ya mkutano mkuu wa kampuni. Anamsainia mwenzake prokurasio, yaani hati ya uwakilishi, ampigie kura, kisha kabla ya mkutano wanakosana. Kura imeshakwenda?

Wengi watajibu ndiyo: sahihi ipo, tarehe ipo, basi. Lakini karatasi hiyo si mauzo wala zawadi, ni agizo tu. Hisa hazikuhama, na mwakilishi anasema kwa jina la mwenye hisa. Sheria ya mikataba ya Congo, ya tangu 30 Julai 1888, inamruhusu aliyetuma kumvua aliyetumwa madaraka wakati wowote apendao. Hata barua ya kufuta si lazima: akimteua mwingine kwa shughuli ileile na kumjulisha wa kwanza, wa kwanza ametoka.

Shida ni saa, na nani anajua. Umemtuma kijana soko la Kadutu na pesa za sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Akiwa njiani unampigia simu: acha, rudi. Anarudi na pesa zako. Akiwa ameshapimiwa na kulipa, umechelewa. Na kama ulimwambia yeye peke yake, akanunua kwa ukaidi, muuzaji aliyemjua siku zote kuwa mtu wako hana kosa. Gombana na kijana. Muuzaji hapa ni wale wanaoongoza mkutano. Kwa hiyo wajulishe nao, kwa maandishi, kabla kura haijapigwa.

Kwa kampuni za hisa (SA), sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, ambao Congo iliingia 2012, zinaibana hati yenyewe: ni ya mkutano mmoja, au miwili, wa kawaida na usio wa kawaida, ikifanyika siku moja au ndani ya siku 7. Juu ya sahihi sharti yaandikwe maneno "Bon pour pouvoir", yaani unakubali kutoa madaraka. Kwenye SARL, kampuni ya washirika wenye dhima yenye mipaka, uchaguzi wa mwakilishi ni finyu zaidi: mwenzi wa ndoa au mshirika mwenzako, na mtu wa nje ikiwa tu katiba ya kampuni inaruhusu. Vyama visivyo kampuni vina katiba zao; usivipimie hapa.

Ufaransa, ambako hata kura ya rais hupigwa kwa prokurasio, wamekwenda mbali zaidi: aliyetoa hati anaweza kutokea kituoni na kupiga mwenyewe, mradi amtangulie mwakilishi wake. Yaani mbio za kuliwahi sanduku zimo ndani ya sheria ya uchaguzi.