Lugha mbili hazimchanganyi mtoto

Wazazi wengi bado huambiwa kwamba mtoto akisemeshwa Kijaluo nyumbani na Kiswahili nje, atachelewa kuongea. Sivyo. Hofu ya lugha mbili ilipata nguvu mwaka 1923, mtafiti D. J. Saer alipopima akili za watoto wa Wales na kuona wenye lugha mbili wako nyuma, ila vipimo vya zama hizo havikutenganisha lugha na hali ya maisha. Mwaka 1962, watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert walilinganisha watoto wa miaka 10 wa hali sawa mjini Montreal, Kanada. Wenye lugha mbili wakafanya vizuri zaidi katika vipimo vya akili.

Mtoto akisema "Mama, nataka pi", hajapotea. Ameomba maji kwa neno lililo karibu ulimini. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili. Na akichelewa kweli, mpeleke apimwe masikio. Usimnyang'anye lugha ya bibi yake.